Neno la Siri la Mbuthia wa Teksi

Mtu akikwambia kwamba Mbuthia wa teksi ni mkali, mwambie bado hajamjua. Mbuthia si mkali, ni mwoga, na ukali ni koti analolivaa juu ya woga wake watu wasiuone. Ameendesha teksi katikati ya Nairobi tangu enzi za teksi zenye mstari wa manjano ubavuni. Siku hizi madereva vijana wanaoitwa kwa simu wamewapokonya wenzake karibu wote kazi, lakini yeye bado anaegesha gari lake palepale kwenye barabara ya Muindi Mbingu, mbele ya duka la rafiki yake Hanif anayeuza leso na nguo za watoto.

Kinachomweka mjini ni uwanja wa ndege. Ana wateja wa Loresho na Kileleshwa ambao ndege ikitua usiku hawawezi kumtuma mtu mwingine yeyote kumchukua mama yao au mtoto wao. Wanampendea sheria zake, ingawa sheria zenyewe, loo, zinachosha. Abiria asitoke nje ya mlango mpaka dereva amfuate ndani. Dereva ndiye ataje jina la abiria, abiria asijitaje. Na jina peke yake halitoshi: lazima dereva aseme neno walilopatana na jamaa za huyo abiria, neno ambalo halijaandikwa kwenye sanduku wala popote. Mteja wake mmoja wa Loresho, Yvonne, aliwahi kumuuliza, "Mzee, unanichukulia dada yangu ama unahamisha mfungwa?" Mbuthia alicheka, lakini hakulegeza kitu.

Sheria hizo hazikutoka hewani. Miaka mingi iliyopita alitumwa kumpokea msichana aliyekuwa anarudi kutoka masomoni. Foleni ya magari ikamshika mjini, na alipofika akaambiwa msichana ameshaondoka na mwanamume mwenye tai na tabasamu. Huyo mwanamume alikuwa amesoma jina la msichana kwenye sanduku lake, akamwita kama mtu wa nyumbani. Walimpata alfajiri kando ya barabara ya Mombasa, mzima, Mungu ashukuriwe, lakini hana sanduku, hana simu, na kiatu ni kimoja. Mbuthia ndiye aliyemrudisha kwao. Njia nzima msichana hakulia wala hakusema neno. Alishika tu mpini wa mlango wa gari kwa mikono miwili, na hakuuachilia mpaka walipofika.

Sasa basi, mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa habari kwamba binti yake Kui, kitinda mimba wake, amepata nafasi ya chuo katika mji unaoitwa Winnipeg, huko Kanada. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mbuthia naye alifurahi, akafurahi sana, mpaka alipoiangalia tiketi. Ndege ya mwisho ilikuwa inatua saa sita usiku, mwezi wa Januari, katika mji ambao aliambiwa maji ya moto ukiyamwaga nje yanaganda kabla hayajafika chini. Bibi aliyempangisha Kui chumba alikuwa mzee, na usiku haendeshi gari. Mbuthia amewapokea watoto wa watu wote wa Loresho, na wa kwake angepokewa na nani?

"Baba, kuna teksi huko," Kui alimwambia. "Unaita tu na simu, inakuja."

"Teksi?" Mbuthia akamtazama mtoto kama aliyetukanwa. "Kui, mimi ni teksi. Naijua teksi."

Mkewe, Nyakio, anauza mitumba ya watoto katika soko la Kangemi na huimba kwaya, na kwake hakuna jambo lisiloweza kupelekwa kanisani. Akapendekeza waulizie huko, maana watu wana watoto wao kila pembe ya dunia. Mbuthia akakataa katakata. "Ukiambia kanisa umeambia Kangemi nzima. Hii kitu inataka watu wachache, Mama Kui. Mimi, mtoto, na huyo atakayempokea. Basi."

Huyo wa kumpokea alipatikana kwa Yvonne wa Loresho. Alikuwa na rafiki aliyesoma naye, Kasiva, muuguzi ambaye ameishi Winnipeg miaka. Picha ikatumwa: mwanamke mwenye rasta ndefu na gauni lisilo na mikono, anacheka. Mbuthia akaikagua ile picha kama polisi anavyokagua leseni, akaridhika. Kisha akampigia simu akiwa amesimama kando ya gari lake, akampa sheria zote, na mwisho akampa neno.

Neno lenyewe lilikuwa Diwani. Diwani alikuwa paka wao wa zamani pale Kangemi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa anaonekana wakati wa chakula tu. Alikufa Kui akiwa darasa la nne, na Kui alimlilia wiki nzima. Mwizi gani duniani angejua habari za paka huyo? Mbuthia alilirudia neno mara kadhaa ili Kasiva asilisahau, kwa ile sauti yake ya simu za mbali, maana yeye anaamini nchi ikiwa mbali ni lazima mtu apaze sauti.

Siku ya kuondoka alimshika Kui mabega. "Mtu akikuambia Diwani, enda na yeye. Asipokuambia, hata akiwa askofu na kofia yake, kaa hapo hapo."

"Sawa, Baba."

"Sema tena."

"Hata akiwa askofu, Baba."

Saa sita usiku ya Winnipeg ni saa tatu asubuhi kwetu. Asubuhi hiyo Nyakio alisema hawezi kukaa sokoni akikunja nguo huku mtoto yuko hewani, kwa hivyo alipanda gari la mumewe wakateremka na barabara ya Waiyaki mpaka mjini. Mbuthia akaegesha mahali pake, akazima injini, akaweka simu juu ya dashibodi, akaanza kuitazama. Hanif alitoka dukani na chupa ya chai ya tangawizi na mahamri kwenye bakuli, akaegemea mlango.

"Kunywa, ndugu yangu. Ndege haiteremki kwa kutazamwa."

Mbuthia hakunywa. Jambo lililomkera zaidi ni kwamba wenzake wawili walikuwa wametulia. Hanif alikuwa anatafuna. Nyakio alikuwa na mkoba mapajani, anaimba pambio kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, hauna hata kunyanzi moja.

"Kwani wewe huogopi?" akamuuliza.

"Mungu yupo, Baba Kui."

"Najua yupo. Nauliza kama unaogopa."

Nyakio akarudi kwenye pambio lake. Ndipo simu ikalia, na Mbuthia nusura aiangushe akiiwekea spika.

"Baba." Kui alikuwa ananong'ona. "Nimefika. Nimechukua masanduku. Lakini kuna shida."

"Shida gani? Kasiva hajafika?"

"Sijui. Kuna mwanaume alikuja akaniambia Diwani."

"Mwanaume?"

"Eeh. Kijana mrefu. Nikamwambia nangoja mwanamke. Sasa kabla hajaenda, akakuja mwingine, ako na kofia na ndevu. Na yeye akaniambia Diwani." Sauti ilianza kutetemeka. "Wanaangaliana tu hapa. Na saa hii, Baba, kuna mtu mwingine ameingia, amejifunga skafu mpaka machoni, anaita Diwani! Diwani! mpaka watu wamegeuka. Aki Baba, ni watu watatu. Ulimwambia nani?"

"Mmoja! Nilimwambia mmoja!"

 Wamesikiliza simu, Mbuthia aliwaza. Wezi wa kimataifa wameingia kwenye simu yangu, wanajua mpaka jina la paka. Akauona ule mpini wa mlango wa gari, na mikono miwili imeushika, na safari hii mikono ilikuwa ya Kui.

"Nisikie. Hapo kuna askari?"

"Kuna mlinzi mmoja karibu na mlango."

"Enda usimame na yeye. Usimame karibu mpaka akuulize unataka nini. Usiende na mtu. Hata huyo wa skafu. Hata akisema Diwani mara mia!"

"Nje ni barafu tupu, Baba. Na naskia wanafunga hii mahali."

"Usitoke!" Akageuka, macho yamemtoka. "Hanif! Nambari ya polisi ya Kanada ni gani?"

Hanif alikuwa ameacha kutafuna. Hamri lilikuwa limekwama njiani, mkononi, na alikuwa analitazama kana kwamba ndilo litakalomjibu. Nyakio naye alikuwa amekoma kuimba.

"Baba Kui," akasema polepole. "Usinikasirikie."

Mbuthia akamgeukia.

"Nilimwambia Mama Everlyn peke yake."

Mama Everlyn ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kumwambia yeye peke yake ni sawa na kumpa mhubiri kipaza sauti. "Kijana wake Clifford anaishi huko huko," Nyakio akaendelea kwa haraka. "Nilifikiria, huyo Kasiva akipata pancha je? Mtoto abaki kwa baridi? Nikasema Clifford aende tu asimame kando, akiona Kasiva amefika arudi nyumbani. Na sheria zako ninazijua, ndiyo nikampa lile neno nililosikia ukimwambia mtoto. Si hungekubali aende bila neno?"

"Mama Kui!"

"Mimi ndiye nilizaa huyo mtoto, Baba Kui. Si teksi ilimzaa."

Kabla Mbuthia hajajibu, Hanif alikohoa.

"Na wewe?" Mbuthia akasema. "Usiniambie na wewe."

"Yule mwenye kofia ni Shee," Hanif akasema. "Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Anaendesha malori kule. Nilimwambia, Shee, binti ya ndugu yangu anatua usiku, nenda kamtazame, usimwache peke yake."

"Lakini neno, Hanif! Neno ulilitoa wapi?"

"Bwana we, siku ile ulipokuwa ukizungumza na yule mama, hata wauza maua wa sokoni walilisikia. Wallahi sikukusudia kusikiliza. Nilifunga mlango wa duka na bado likaingia."

 Mbuthia akashuka garini. Kisha ule ukali wote wa miaka ukamtoka kwa mkupuo, pale kwenye barabara ya Muindi Mbingu, wapita njia wakigeuza shingo. "Hilo lilikuwa neno la siri ama tangazo la kanisani? Nimeweka kufuli nzuri, nyinyi mnagawa funguo! Mtoto amesimama na mlinzi kama mwizi, anatetemeka, sababu yenu!" Akaendelea hivyo, na alikuwa anasema kweli.

Halafu katikati ya kelele zake akanyamaza. Kidole chake kilikuwa hewani, na alikuwa anahesabu. Kasiva, wa kwake. Clifford, wa Nyakio. Shee, wa Hanif. Watatu wamekuja, watatu wametumwa. Hakukuwa na wa nne. Hakukuwa na mwizi.

 Mbuthia akakaa kwenye ukingo wa barabara na suruali yake ya kazi iliyopigwa pasi, akashika kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nyakio alifikiri analia, akashuka mbio, kumbe ni kicheko. Mtu mzima alicheka mpaka akashika mbavu, na Hanif naye akaangua, na Nyakio akacheka huku akijifuta macho kwa upindo wa leso aliyojitanda.

"Baba?" ikasema simu ndani ya gari. "Baba, mnacheka nini? Mimi bado niko hapa!"

Hapo Mbuthia akasimama, akajipangusa. Dereva ni dereva, na kazi haijaisha mpaka abiria awe mlangoni. "Kui, weka spika. Waambie wakuje mbele ya mlinzi, mmoja mmoja. Huyo wa kofia aanze. Wewe, umetumwa na nani?"

"Na mjomba Hanif," ikajibu sauti ya kiume, ya adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo mjomba wako anauza nini?"

"Anauza leso, na nguo za watoto, na maneno."

"Huyo ni wangu!" Hanif akapiga paa la gari kwa furaha.

Wa pili alikuwa yule kijana mrefu. Nyakio alimnyang'anya mumewe simu. "Clifford, mama yako anaimba sauti ya ngapi kwenye kwaya?"

"Anasema ni ya kwanza, Mama Kui," kijana akasema. "Lakini nyinyi nyote mnajua."

"Ni yeye," Nyakio akasema, akairudisha simu. "Kwaya yote imejua miaka mingi kwamba hiyo sauti ya kwanza haifikii."

Wa tatu hakungoja kuulizwa. Walisikia mchakacho wa nguo nzito zikifunguliwa, na sauti ya mwanamke inayohema. "Mzee, pole sana, theluji imefunga barabara yetu, nimekuja nikiteleza njia yote. Mtoto, hebu niangalie. Huyu ni mimi, ni yule wa picha. Ni vile leo nimevaa blanketi."

"Ni yeye, Baba," Kui akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Ana rasta. Ni yeye kabisa."

Ungedhani mambo yameisha, lakini hujui watu. Clifford hakukubali kurudi nyumbani mikono mitupu, maana mama yake alikuwa amemwagiza ampe Kui koti zito, na mama yake angetaka picha ya koti likiwa limevaliwa. Shee alisema mkewe amepika pilau na sufuria iko garini imefunikwa kwa taulo, na kwao mgeni halali na njaa. Kasiva alisema yeye ndiye aliyetumwa rasmi. Walibishana mpaka mlinzi naye akataka kujua Diwani ni nani. Ikabidi Mbuthia aamue kutoka Nairobi. Kui apande gari la Kasiva, viti vya nyuma. Masanduku yaende na Clifford. Pilau ifuate nyuma na Shee. Na wote wapige picha nambari za magari ya wenzao.

"Nimeshapiga zote, Baba," Kui akasema walipofika penye magari. "Na ya beji ya mlinzi pia."

Nyakio alimtazama mumewe. "Huyo ni wako," akasema.

Halafu simu ikakatika, wakaanza kungoja. Mteja mmoja alikuja anataka kwenda Westlands, Mbuthia akamwelekeza kwa dereva mwingine hata bila kumsalimia vizuri. Sasa ndipo alipokunywa ile chai, imepoa, na akala mahamri ambayo hakuyasikia ladha. Hakuwa anaogopa mwizi tena. Alikuwa anaogopa theluji, kona, breki, vitu vyote anavyovijua dereva. Nyakio alimwekea mkono mgongoni na hakusema habari za Mungu, na Mbuthia alimshukuru kwa hilo.

Simu ilipolia tena ilikuwa ya video. Kui alikuwa jikoni kwa watu, ndani ya koti lililomfunika mpaka magoti, ana sahani mkononi. Nyuma yake alionekana bibi wa kizungu mwenye nywele nyeupe na gauni la kulalia, ameketi mezani na sahani yake ya pilau, anaangalia wageni wake wasioisha kwa mshangao. Clifford alikuwa anaburuta sanduku ngazini. Shee alikuwa anaongeza chakula kwa kila mtu, atake asitake.

"Nimefika, Baba," Kui akasema. "Mlango uko na kufuli mbili. Nimeziangalia."

Mbuthia akaitikia kwa kichwa. Akampa Nyakio simu, akazunguka nyuma ya gari, akainama kuangalia gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote. Hapo akalia kidogo, machozi mazuri, yale ya mtu aliyetua mzigo. Alipomaliza akarudi, macho mekundu, na hakuna aliyemtania.

Kasiva alikuwa ameshika simu. "Mzee, niende sasa, kesho niko kazini. Nilitaka tu kukusalimia."

"Mama, sijui nikushukuru namna gani. Usiku kama huo, na theluji."

"Usinishukuru." Kasiva alitabasamu, kisha tabasamu likapungua kidogo. "Mimi pia nilitua hapa usiku, miaka hiyo. Kila mtu alidhani nitachukuliwa na mwenzake, kumbe hakuna aliyetuma mtu. Nililala kwenye kiti pale pale, karibu na ule mlango, na viatu vyangu vya wazi. Tangu hapo mtu akiniambia kuna msichana anakuja, hata sijiulizi. Natoka tu." Akasita. "Leo nilipoona watu watatu wamekuja kwa mtoto mmoja, mzee, nilitamani sana ningekuwa yeye."

Mbuthia akaisogeza simu karibu na uso. 

"Unarudi nyumbani lini?" akauliza.

"Mwezi wa nane, Mungu akipenda. Ni mara ya kwanza tangu nitoke. Ndege inatua usiku."

"Basi usiite teksi. Nitakuchukua mimi."

"Na neno la siri litakuwa gani?" Kasiva akacheka.

"Hakuna neno. Nitakuwa nimesimama mlangoni, utaniona."

"Na mimi nitakuja," Nyakio akasema, akiingiza uso kwenye simu. "Nitakubebea chapati."

Hanif naye alikuwa ameingiza kichwa dirishani. "Na mimi niko."

Mbuthia akawatazama wote wawili, wale wavujishaji siri wake, akatikisa kichwa.

"Umewasikia wenyewe," akamwambia Kasiva. "Utatukuta watatu."